Jina la Msahihishaji

Tasnifu ya Mahrus ilirudi kutoka kwa msimamizi wake imejaa wino mwekundu. Wino huo ulianzia kwenye jalada, kwenye jina lake mwenyewe alilolikosea herufi moja, na haukupumzika mpaka ukurasa wa mia na sabini na sita.

"Hiki si Kiarabu," alisema Daktari Fathoni, akiusukuma mzigo ule wa karatasi mezani. "Hiki ni Kijava kilichovishwa kanzu. Unafikiri kwa Kijava, halafu unatafuta neno mojamoja la kubandika juu yake. Mwarabu akisoma hapa atakuonea huruma, atadhani una homa."

Mahrus alicheka. Mkubwa akikutania huna budi kucheka, hata kama utani wenyewe unakuchoma.

"Na kinachonitia aibu zaidi ni mada yako. Umeandika kuhusu nini vile?"

"Makosa ya wanafunzi wa madrasa katika kuandika Kiarabu, Daktari."

"Haya. Sasa nani amchunguze nani?" Daktari Fathoni alimpa fomu. "Tafuta msahihishaji. Pale chini kwenye kituo cha lugha wapo, wanatoza kwa ukurasa. Akimaliza, aandike jina lake hapa na atie sahihi. Utetezi wa tasnifu ni tarehe ishirini na sita Aprili. Muhula huu ndio wako wa mwisho, Mahrus. Ukianguka, chuo hakina tena mlango wa kukuingiza."

Hilo Mahrus alilijua kuliko mtu yeyote. Kwa miaka tisa alikuwa akifundisha kwenye madrasa ya sekondari ya pale kijijini kama mwalimu wa kibarua, na shule ilikuwa imeshaambiwa kwamba kuanzia Julai asiye na shahada ya uzamili asisimame mbele ya darasa. Mwalimu mkuu alikuwa amemshikia nafasi kwa neno la mdomo tu. Neno la mdomo hudumu mpaka mtu mwingine aje na cheti.

*

"Tuuze pikipiki," alisema Lastri, mkewe, bila kuacha kukatakata tempe ya soya. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa hesabu.

"Nitakwenda kazini na nini?"

"Na kazi yenyewe utakuwa nayo, Baba Naila, usipomlipa msahihishaji?"

Jikoni na ukumbi wa mbele vilitenganishwa na ukuta wa mianzi, na ukuta wa mianzi hausitiri neno. Sauti ya mzee ikatoka upande wa pili.

"Nani anauza pikipiki?"

Huyo alikuwa Kiai Tamyiz, baba yake Mahrus; kiai ndiye shehe wa kule. Alikuwa amefundisha vitabu vya kale kwa miaka arobaini na mbili katika chuo kidogo kilichoko nyuma ya nyumba yake. Zamani wanafunzi walifika tisini, wakilala kwenye mikeka bega kwa bega; sasa walibaki saba, na wawili kati yao walikuwapo kwa sababu kwao hakukuwa na chakula cha kutosha. Mwaka uliopita maradhi yalimpiga upande wa kushoto, na tangu hapo hakuinuka bila mtu kumshika kwapani.

Mahrus alikwenda ukumbini, akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake kama ilivyo adabu, akaeleza jambo lenyewe kwa kulipunguza. Chuo kinataka mtu aipitie lugha. Ni utaratibu tu, Abah. Kila mtu anafanyiwa.

"Aipitie lugha gani?"

"Kiarabu, Abah."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu anauza pikipiki ili watoto wa mjini wamsahihishie Kiarabu. Na mimi je, mmeshanizika?"

Kule jikoni kisu cha Lastri kilinyamaza. Mahrus alitafuta neno la kukataa, lakini kila aliloliona lilikuwa na maana moja: hujui, Baba. Na hakuna mtoto aliyelelewa kwenye nyumba ile ambaye angeweza kulitamka. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Akaubusu.

*

Mzee alifanya kazi siku kumi na nane, na ni lazima isemwe kwamba hizo zilikuwa siku zake za furaha kuliko zote tangu alipougua. Kila baada ya sala ya alfajiri Mahrus alimwinua, akamgeuzia kandambili zake zielekee nje, kama wanafunzi wa Java wanavyowageuzia walimu wao ili wasipate taabu ya kujigeuza, akamketisha barazani na kalamu yake. Majirani wakipita alikuwa akiwaita. "Njooni muone! Chuo kikuu kimenirudia mimi." Wao wakainama, wakasema alhamdulillahi, Kiai bado yupo.

Mzee huyu aliweza kukifungua kitabu chochote cha kale kisicho na irabu hata moja, akakisoma moja kwa moja, huku chini ya kila neno akining'iniza maana yake kwa Kijava, kwa mwandiko mdogo unaoshuka kwa mshazari. Hiyo ndiyo elimu ya vyuo vya kule: mwalimu husoma, wanafunzi huandika maana zikining'inia chini ya maneno, mpaka kitabu kizima kiote ndevu. Lakini tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwomba aandike ukurasa mmoja wa Kiarabu chake mwenyewe. Alikuwa mtu aliyekula maisha yake yote kwenye meza ya watu, na sasa amepewa jiko.

Pale Mahrus alipoandika, "Utafiti huu unachunguza makosa ya wanafunzi," mzee alikata, akaweka: "Ama baada: anasema mja huyu fakiri, mwingi wa dhambi, mwenye kutaraji msamaha wa Mola wake..." Pale palipokuwa na idadi ya wanafunzi waliohojiwa, aliwaombea dua. Kila sura ilipoisha aliandika, "Na Mungu ndiye ajuaye zaidi." Sentensi fupi zilimkera, alizifunga pamoja kama kuni.

"Isome nisikie," alikuwa akiamuru kila jioni, na Mahrus alisoma kurasa alizozichapa upya siku hiyo. Mzee alifumba macho, akatikisa kichwa taratibu. "Sasa hicho ndicho Kiarabu."

Siku moja Lastri alimvuta mumewe kisimani. "Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba kule hawaandiki hivyo. Mimi sijui Kiarabu, lakini uso wako naujua. Kila ukichapa unakunja uso kama unayemeza kwinini."

"Lastri, kile chake si kibaya. Mimi mwenyewe changu kilikuwa kibovu. Siwezi hata kusema kwa yakini hapa amekosea yeye au nimekosea mimi."

"Basi chapa mbili. Moja ya kumsomea yeye, nyingine ipelekwe mjini kwa msahihishaji. Pikipiki nitampa kaka yangu aiweke rehani, mzee hatajua."

Lilikuwa wazo jema, na Mahrus alilishika. Siku mbili alitembea mwepesi. Jioni ya tatu mzee alimwita, akamwambia awaite na wanafunzi wote saba, kisha akatangaza mbele yao kwamba siku ya utetezi atakwenda mwenyewe.

"Nitabeba nakala yangu. Wakitaja ukurasa, nami nafungua. Nataka niione ilimu ya kijiji hiki ikisomwa mjini kabla sijafa."

Wanafunzi wakaitikia amina. Mahrus akaitikia pia, na wazo la Lastri likafia hapo. Alipomletea ile fomu atie sahihi yake, mzee aliirudisha bila kuisoma.

"Usiandike jina langu. Mtu hamsaidii mwanawe ili jina lake liandikwe. Nitakosa thawabu."

Mahali pa jina la msahihishaji pakabaki peupe.

*

Utetezi ulifanyika ghorofa ya tatu. Mahrus na jirani aliyewakodisha gari walimpandisha mzee ngazi kwa ngazi, wakipumzika kila kona, wasichana wa chuo wakibanana ukutani kumpisha. Lastri alikuja nyuma na maboksi ishirini ya chakula: wali, kuku wa kukaanga, tempe, pilipili ya kusaga. Desturi ya pale ni kwamba anayetahiniwa ndiye anayewalisha watahini wake. Mlinzi alimwambia chakula kipite mlango wa nyuma, na Lastri akazunguka jengo zima na maboksi yake mara nne.

Jamaa waliruhusiwa kukaa viti vya mwisho, mradi wasiseme. Mzee aliketishwa karibu na dirisha, amevaa saruni mpya na kofia nyeusi. Aliifungua nakala yake iliyokuwa imeviringishwa kwenye kitambaa cheupe, kama msahafu.

Mtahini mkuu alikuwa Daktari Nihaya, mwanamke wa miaka thelathini na sita hivi aliyesoma Khartoum miaka kumi na moja. Hakuwa mkali. Alikuwa na orodha tu, na alianza mwanzo wa orodha.

"Ukurasa wa kwanza, mstari wa tatu. 'Anasema mja huyu fakiri, mwingi wa dhambi.' Huyu mja fakiri ndiye nani?"

"Ni mtafiti, Daktari."

Mtu mmoja alicheka. Nyuma karatasi ilifunguliwa, taratibu.

"Ukurasa wa thelathini na moja. 'Na waliohojiwa walikuwa wanafunzi arobaini, Mola awafungulie vifua vyao.' Hii ni dua katikati ya takwimu. Umewahoji au umewazuru makaburini?"

Kicheko kikawa cha watu kadhaa. Mahrus naye alijaribu kutabasamu, midomo ikamgomea.

"Ukurasa wa hamsini na mbili. Sentensi hii ina mistari kumi na saba. Nilianza kuisoma chai ikiwa moto, nikaimaliza chai imepoa, na bado sijui inasema nini." Akageuza. "Nimehesabu makosa mia mbili na kumi na nne, Bwana Mahrus. Unaandika juu ya makosa ya watoto. Ungejichunguza mwenyewe ungepata sampuli kubwa zaidi."

Kila ukurasa ulipotajwa, nyuma kulisikika karatasi ikigeuzwa na mkono mmoja mzito. Mahrus hakuhitaji kuangalia. Aliuona ule mkono kwa kisogo chake. Kwamba walimcheka yeye, hilo alilimudu. Lakini alipokumbuka ni nani anayesikiliza, masikio yalimwaka moto.

"Sisemi kwa dharau," aliendelea Daktari Nihaya, na sauti yake ilikuwa na upole wa kweli, ambao ulikuwa mbaya kuliko kejeli. "Aliyeandika hivi amesoma sana. Lakini amesoma tu. Hajawahi kumwandikia mtu hata barua."

Mwenyekiti wa kikao, Profesa Harjono, mzee mwenye kitambi na huruma, aliichukua ile fomu, akaigeuza huku na huku.

"Mahrus, hapa hapana jina. Nani alikusahihishia?"

Mahrus aliinamisha kichwa.

"Nakuuliza kwa faida yako. Kama yupo mtu aliyekuharibia, nipe jina lake, tuandike kwamba kosa ni la usahihishaji. Kanuni inaniruhusu kukupa miezi miwili urekebishe, urudi. Lakini kama lugha hii ni yako mwenyewe, maana yake hujafikia kiwango, na muda wako umekwisha. Mikono yangu itakuwa imefungwa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Profesa."

"Basi fikiri."

Miezi miwili. Jina moja tu. Mahrus alimfikiria Lastri na maboksi yake, akamfikiria mwalimu mkuu, akaifikiria miaka tisa ya kuitwa mwalimu bila kuwa mwalimu. Kisha akasubiri. Hakutaka kusubiri, lakini moyo wake ulisubiri wenyewe: alisubiri asikie kiti cha nyuma kikisukumwa, asikie kikohozi kile anachokijua tangu utoto, na sauti ikisema, ni mimi. Angepinga hata hivyo. Alitaka tu aisikie.

Alisikia mkwaruzo wa kalamu.

"Hakuna mtu, Profesa," alisema. "Nilisahihisha mwenyewe."

*

Walipomaliza kumwambia kwamba hakupita, ikabidi chakula kigawiwe, maana desturi haingoji matokeo. Lastri alipita na maboksi, akiinama mbele ya kila mtahini. "Karibu, Profesa. Karibu, Daktari."

Daktari Nihaya alilipokea lake kwa mikono miwili, akafungua kidogo. "Pilipili hii umeisaga mwenyewe, Mama? Inanukia vizuri!"

"Mwenyewe, Daktari," alijibu Lastri. "Asante."

Gari lilivuka mashamba ya miwa. Ndipo mzee, aliyekaa mbele, akazungumza akitazama kioo.

"Nilitaka kusimama. Mguu huu ukakataa."

"Najua, Abah."

"Leo mguu umekuwa mzito sana."

"Najua, Abah. Usijali."

Lastri alimtazama mumewe, kisha akageuza uso dirishani. Alivumilia mpaka nyumbani, mpaka mzee alipoingizwa chumbani na mlango ukafungwa. Alikuwa akiosha masufuria, na maneno yalimtoka pamoja na maji.

"Ugonjwa uko mguuni, Baba Naila. Mdomoni hauko. Mtu anaweza kusema akiwa amekaa."

"Nyamaza."

"Na kalamu aliweza kuinyanyua. Nilikuwa pembeni yake! Aliandika muda wote, sijui anaandika nini, wewe umesimama pale kama mwizi wa kuku."

"Nimesema nyamaza, Lastri!"

Hakuwahi kumfokea namna hiyo. Lastri akakaa kwenye kigoda na mikono yake imelowa, akalia bila sauti. Wahenga wametuambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mahrus alilisikia la mkuu neno kwa neno, akalichapa, akalitetea, na guu likavunjika vilevile. Kwa hilo wahenga hawakutuachia methali.

*

Siku mbili baadaye ujumbe wa mwalimu mkuu uliingia kwenye simu, mrefu, wenye pole nyingi na dua. Nafasi amepewa binti wa mjini. Mahrus akisha kukabidhi daftari za alama, atakuwa ametimiza wajibu wake.

Asubuhi ile hakumgeuzia baba yake kandambili. Hakupanga, alipita tu barazani, akaziona zimeelekea ndani kama mzee alivyozivua, akaziacha. Alikwenda nyuma ya nyumba akakaa juu ya gogo, mikono mitupu. Kutoka chuoni kulisikika sauti za wanafunzi saba wakimngoja mwalimu wao.

Baada ya muda alisikia hatua, moja nzito na moja nyepesi. Baba yake alikuwa akija peke yake, bega limegusa ukuta, na ile nakala ya tasnifu kwapani. Kandambili alikuwa amezivaa kinyume, ya kulia kushoto. Mahrus alinyanyuka nusu kwa mazoea, halafu akakaa. Mzee alijishusha mwenyewe mpaka juu ya gogo. Ilimchukua muda mrefu.

"Shika," alisema.

Mahrus aliifungua. Chini ya kila mstari uliotajwa siku ile, kwa mwandiko mdogo wa mshazari unaoning'inia, mzee alikuwa ameandika maneno ya Daktari Nihaya. Karibu yote. Ukurasa kwa ukurasa, kosa kwa kosa, kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekaa mkekani mbele ya mwalimu wake. Hata kile kicheko cha ukurasa wa thelathini na moja alikuwa amekiweka: "hapa walicheka."

"Hamsini na mbili sikuwahi," alisema mzee. "Yule mwanamke alikwenda haraka. Alisema tatizo ni nini?"

"Sentensi ni ndefu, Abah. Haieleweki."

"Ikatwe wapi?"

Mahrus alimwonyesha kwa kidole. Mzee akatoa kalamu mfukoni, akaandika. Wanafunzi kule chuoni walikuwa wamechoka kungoja, wameanza kucheza.

"Juzi garini nilikwambia mguu," alisema, macho yake yakiwa kwenye karatasi.

"Imepita, Abah."

"Haukuwa mguu. Swali nililisikia. Na jibu lako nililisikia. Nikaona nibaki nimekaa."

Mahrus alitafuta neno la kumpunguzia, kama alivyokuwa amezoea tangu azaliwe, la kusema si kitu, najua, usijali. Safari hii hakuliona, na hakulitafuta sana. Akageuza ukurasa.

"Hamsini na tatu," alisema. "Mstari wa kwanza."

Baba yake akaweka kalamu tayari.